Mwongozo kamili: joto na hewa kwa kabati la kupandia ndani ya nyumba, kwa sisi wa Mombasa

Watu wengi wakianza kupanda ndani ya kabati hapa Mombasa hununua taa kwanza, alafu majani yakianza kujikunja ndio wanakumbuka feni. Mimi nasema anza na joto. Taa utapata yoyote madukani, lakini joto la pwani huna pa kulikimbilia, na kuna jambo moja ambalo ukilishika mapema utajiokolea pesa: feni haiwezi kufanya kabati liwe baridi kuliko chumba lilimo. Haiwezi, hata ufunge kumi. Kazi yake ni kutoa lile joto uliloliingiza wewe mwenyewe na taa yako, basi. Chumba kikiwa digrii 31, kabati lililopangwa vizuri litakaa 33, na lililopangwa ovyo litafika 40, na hio tofauti ya kati ndio unayoipigania.

Kwa hivo tunaenda kwa mpangilio huo: tujue chumba kina joto gani, tupunguze joto tunaloingiza, alafu ndio tutoboe matundu tufunge feni. Mfano nitakaotumia ni kabati la nguo la zamani, upana sentimita 80, kina 50, urefu 160, na taa ya LED ya wati 80, kwa mrehani, nanaa, mchicha, miche ya pilipili, vitu kama hivo. Lako likiwa kubwa au dogo hesabu ni zile zile.

Kwanza pima chumba, usitoboe kitu

Tafuta vile vipima joto vidogo vya dijitali vinavyoonyesha joto na unyevu pamoja, vya kutia betri, wauza vitu vya umeme wanavyo. Chukua vitatu kama mfuko unaruhusu. Vya bei hio havikubaliani, kimoja chasema 30 kingine 31, kwa hivo viweke vyote pamoja mezani usiku kucha asubuhi uandike kwa tepu nyuma ya kila kimoja kimezidi au kimepungua kwa ngapi.

Upande wa unyevu kuna njia ya kuvijaribu na chumvi ya jikoni, na ni ya kuaminika kabisa. Chukua kifuniko cha soda, jaza chumvi, dondoshea maji kidogo mpaka chumvi ilowe lakini isiyeyuke, iwe rojo nzito tu, weka ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na kipimo chako, funga, ondoka. Acha usiku mzima mahali ambapo jua halifiki. Hewa ndani ya kopo hilo itatulia kwenye asilimia 75, ndio tabia ya chumvi hio, kwa hivo kipimo kikisoma 69 basi wajua kinapunguza sita. Ukiruka hatua hii utakuja kupigana na unyevu ambao haupo, au mbaya zaidi utaukosa uliopo.

Sasa pima chumba chenyewe kwa siku kadhaa: saa tisa mchana, saa nne usiku, na alfajiri saa kumi na moja. Wakati wa Kaskazi, yaani Januari mpaka Machi, mchana Mombasa hufika 32 au 33 kivulini na usiku hauteremki sana, 24 au 25 hivi. Kusi ikikolea, Julai na Agosti, mchana ni 27 au 28 na alfajiri yaweza kugusa 20. Unyevu nao alfajiri hupanda juu sana, mara nyingi zaidi ya 85, mchana jua likiwaka ndio hushuka. Lakini hizo ni za hewa ya nje kwa jumla. Nyumba yako ina mambo yake. Anayekaa ghorofa ya mwisho chini ya slabu, au nyumba ya mabati bila dari, atashangaa kuona saa tatu usiku chumba bado kina joto kuliko nje, manake ile zege ilishiba jua mchana kutwa na usiku ndio yalitoa.

Ukishapata hizo namba chagua pa kuliweka. Ukuta wa ndani, sio ule unaopigwa na jua la jioni. Liachie nafasi nyuma kama upana wa kiganja ili hewa ya moto ipate njia. Usiliweke kando ya friji, nyuma ya friji ni hita. Na kama ni chumba cha kulala jua kwamba feni zitakuwa zikinguruma usiku kucha, kuna wanaolala nazo vizuri na kuna wanaoamka na hasira.

Punguza joto kabla hujafikiria feni

Hapa ndio pesa inaokolewa. Taa ya wati 80 ni hita ya wati 80. Usimsikize anayekuambia LED haitoi joto, inachofanya LED ni kutoa mwanga mwingi zaidi kwa wati zile zile, lakini umeme wote unaoingia ndani ya kabati mwishowe unakuwa joto, hata ule mwanga wenyewe ukigonga majani na kuta. Alafu kuna zile taa zimeandikwa 1000W kwa boksi na kumbe kwenye soketi zavuta mia moja tu. Soma ile lebo ndogo ya nyuma, au tumia mita ya kuchomeka kwenye soketi ikuonyeshe wati za kweli, hizo ndizo za kupigia hesabu.

Ukijua wati zako fanya mambo matatu.

Draiva ya taa, kile kisanduku cha chuma kinachobadilisha umeme, itoe nje ya kabati uiweke juu yake. Peke yake hula kama asilimia 10 hadi 15 ya umeme wote na kuigeuza joto, kwa taa yetu ni wati nane mpaka kumi na mbili ambazo hazina haja ya kuwa ndani. Taa nyingi draiva imefungwa na skurubu nne tu na waya unafika. Kama waya haufiki mwite fundi aurefushe, usiunge na selotepu.

Pili, dima, kile kitufe cha kupunguza mwanga. Kama taa ina dima usiiwashe mpaka mwisho kwa sababu tu umelipia. Kwa mboga za majani ndani ya eneo la 80 kwa 50, wati 60 za LED nzuri zinatosha, miche hata 40. Kila wati ulioacha ni hewa ambayo hutahitaji kuivuta.

Ya tatu ndio kubwa kuliko zote, na ni ya bure: washa taa usiku. Mmea haujui saa, unajua mwanga na giza tu. Taima, ile swichi ya saa, ikiwasha saa mbili usiku na kuzima saa nne asubuhi umepata masaa 14 ya mwanga yote yakiwa nje ya ule mchana wa moto, na wakati wa daku, nyumba imepoa kuliko saa yoyote, ndio taa inawaka kwa nguvu. Anayekaa chini ya slabu asogeze mpaka saa nne usiku na atosheke na masaa 12. Kwa tofauti za hapa kwetu unapata digrii tano sita za bure bila kununua kitu, hakuna feni itakayokupa hio. Na kuna faida ya pili ambayo wengi hawaioni: alfajiri hewa ina unyevu wa 90 na ni digrii 24, taa ikiipandisha mpaka 27 ule unyevu unashuka wenyewe kuelekea 75, manake hewa ikipata joto inabeba maji zaidi. Kwa hivo taa inakukaushia kabati saa ile ile ambayo lingeota ukungu. Mtu anayewasha taa mchana na kuzima usiku anapata ubaya wa pande zote mbili, mchana anachoma na usiku analowesha.

Kuhusu stima, wati 80 kwa masaa 14 ni unit moja na kidogo kwa siku, kama 34 kwa mwezi. Weka hio akilini unaponunua tokeni.

Hesabu ya hewa

Usiogope, ni mstari mmoja. Chukua wati zilizo ndani ya kabati, zidisha kwa 3, gawanya kwa digrii unazokubali kabati lizidi chumba. Jibu ni mita za ujazo za hewa kwa saa. Feni nyingi zimeandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, kwa hivo gawanya jibu hilo kwa 1.7 upate CFM.

Kwa taa yetu ya 80, ukikubali kabati lizidi chumba kwa digrii 2: 80 mara 3 ni 240, gawa kwa 2 ni mita za ujazo 120 kwa saa, karibu CFM 70. Ukikubali digrii 4 inatosha nusu yake. Waona mwenyewe kwamba kila digrii unayoibana inagharimu zaidi ya ile ya kabla, na ndio maana kutafuta tofauti ya nusu digrii ni kupoteza wakati.

Sasa kuna ule ushauri maarufu wa watu wa nchi za baridi kwamba ubadilishe hewa ya kabati kila dakika tatu. Hebu tuupige hesabu. Kabati letu lina mita za ujazo 0.64, likibadilishwa mara 20 kwa saa ni mita za ujazo 13 tu, na kwa wati 80 hio ni digrii 18 juu ya chumba! Kuta zitapitisha joto kidogo kwa hivo haitafika kote huko, lakini umeelewa. Huko kwao chumba kiko 18 na wanafurahi kabati likipata joto. Sisi ukubwa wa kabati hautuhusu sana, kinachotuhusu ni wati. Kabati dogo lenye taa kubwa lahitaji hewa nyingi kuliko kabati kubwa lenye taa ndogo.

Jambo jingine, CFM iliyoandikwa kwa feni ni ya feni ikiwa mezani haijazuiliwa na kitu. Ukiifunga kwa tundu, ukaiwekea wavu, ukaiunganisha na bomba lenye kona, utapata nusu. Kwa hivo ukihitaji 70 nunua za jumla ya 130 au 140. Kwa kawaida hio ni feni mbili za kompyuta za milimita 120, zile za volti 12, ambazo kila moja hula wati mbili au tatu. Zikikaa zimewaka mchana na usiku mwezi mzima hazimalizi unit tano.

Kutoboa na kufunga

Utahitaji feni mbili za 120, adapta ya volti 12, wavu wa mbu, sponji nyembamba ya kubandika, silikoni, rangi nyeupe, na fundi mwenye drili kama huna yako.

Matundu ya kutoa hewa yaende juu kabisa, kwenye mgongo wa kabati au kwenye dari lake, juu ya usawa wa taa. Pale ndipo joto linapokusanyika. Tundu la kuingiza liende chini, na upande ulio mbali na feni, feni zikiwa nyuma juu basi tundu liwe mbele chini au ubavuni chini, ili hewa ilazimike kupita katikati ya mimea. Nikiona kabati lenye tundu la kuingilia katikati ya mgongo karibu na feni najua tu mwenyewe analalamika, hewa inaingia inatoka hapo hapo na mimea iko pembeni inachemka.

Ukubwa wa tundu la chini ndio watu wanaubania. Feni mbili za 120 zina eneo la kama sentimita za mraba 225 pamoja. Tundu la kuingilia lisilo na feni liwe mara mbili yake au zaidi, na ukiweka wavu ongeza tena kwa sababu nyuzi za wavu zinaziba sehemu kubwa kuliko unavyodhani. Mimi ningekata mlango chini kipande cha sentimita 60 kwa 10. Kama unaogopa kuukata mlango, toa ubao wa chini ya kabati uliinue kwa vipande vya mbao sentimita kumi kutoka sakafuni, hewa itaingia kutoka chini na hio ni nzuri hata zaidi kwa sababu sakafu ndio sehemu baridi ya chumba.

Feni zote mbili zivute kutoa, usiweke moja ya kusukuma ndani na nyingine ya kutoa ukifikiri unasaidia. Zikivuta zote, kila upenyo wa kabati unaingiza hewa badala ya kuvujisha. Ubavuni kwa feni nyingi kuna vishale viwili vidogo, kimoja chaonyesha inavyozunguka na kingine hewa inakoelekea, lakini usiamini, washa kwanza ushike karatasi uone.

Kati ya feni na ubao bandika ile sponji nyembamba. Inazuia mtetemo usigeuze kabati lote kuwa ngoma, na inaziba upenyo ambao hewa ingezungukia na kurudi. Feni isiyozibwa kando hurudia hewa yake yenyewe, utaisikia yanguruma na kipima joto hakisogei.

Kabati likiwa la chipubodi, ile mbao ya kusagwa, kila ulipokata paka rangi ya mafuta mikono miwili kabla ya kitu chochote. Unyevu wa hapa ukiingia kwenye ule mkato utavimba ufumuke na skurubu za feni zitang'oka zenyewe. Ndani paka nyeupe isiyong'aa, inarudisha mwanga vizuri na unaweza kupunguza dima. Karatasi ya fedha ya jikoni achana nayo, ikikunjika yarudisha mwanga hovyo.

Na wavu wa mbu usiusahau kwenye tundu la kuingilia. Nzi weupe na mbu ndio wageni wa kwanza.

Adapta: jumlisha ampia za feni zilizoandikwa kwenye lebo alafu nunua adapta inayotoa mara moja na nusu ya hizo au zaidi. Feni mbili za ampia 0.25 ni 0.5, kwa hivo adapta ya ruta ya zamani ya volti 12 ampia 1 inatosha sana. Chaja ya laptopu hapana, nyingi ni volti 19, feni itazunguka kama ina wazimu kwa siku chache alafu ife.

Jaribu na udi

Ukishafunga, kabla ya mmea kuingia, washa taa na feni, funga mlango, subiri lisaa limoja. Alafu washa kijiti cha udi ukishike mbele ya tundu la chini. Moshi unatakiwa uvutwe ndani moja kwa moja bila kusitasita. Pitisha kijiti pole pole pembeni mwa mlango, kwenye bawaba, pale waya zinapoingilia. Kila mahali moshi unapoingia ndani ni sawa, ukiona mahali unasukumwa nje kuna kasoro, mara nyingi feni imegeuzwa au hewa inarudi kando ya feni. Alafu fungua mlango kidogo tu uchungulie ndani na tochi: moshi upande kupitia usawa wa mimea, usikimbilie pembe moja. Nyumba itanukia pia, hakuna hasara.

Sasa vile vipimo vitatu. Kimoja tundu la kuingilia, kimoja usawa wa majani, kimoja karibu na feni. Kile cha majani kifunike na kikombe cha karatasi nyeupe kilichotolewa kitako, ili mwanga usikipige moja kwa moja, la sivyo kitakusomea joto la taa badala ya joto la hewa. Tofauti kati ya kuingilia na majani ikiwa digrii 2 au 3 uko sawa. Ikiwa kubwa na ile ya feni nayo iko juu, hewa haitoshi: ongeza tundu la chini kwanza kabla hujaongeza feni, mara nyingi shida iko hapo. Kama majani ni moto lakini kwenye feni ni kawaida, hewa inapita njia ya mkato na haigusi mimea.

Hewa inayotoka iende wapi

Wati 80 ni pungufu kidogo ya joto la mtu mmoja aliyekaa tu chumbani, kwa hivo chumba chenye dirisha wazi hakitahisi kitu. Chumba kidogo kilichofungwa ni habari nyingine, joto linazunguka na kurudi kwa tundu la chini na kila saa kabati linapanda. Hapo unganisha bomba la kukunjika la aluminiamu kutoka feni hadi dirishani, fupi iwezekanavyo na kona chache, ulivute linyooke, manake likibaki na mikunjo linakaba hewa.

Mwenye eisii afanye kinyume. Ukitoa hewa nje wakati eisii inafanya kazi unaivuta hewa ya moto yenye unyevu kutoka nje kuja kujaza pengo, na bili inapanda. Acha hewa ya kabati itoke chumbani humo humo, eisii itaimaliza. Tahadhari yake ni moja: eisii ikizimwa na madirisha yakafunguliwa, hewa ya bahari ikikutana na kuta za kabati zilizopoa hutoa jasho la maji, na majani yaliyolowa usiku kucha ni mwaliko wa ukungu. Feni zisizimwe kamwe.

Feni ya ndani

Mbali na zile mbili za kutoa, weka moja ndogo ndani ya kuzungusha hewa. Isielekezwe kwa mmea, ielekeze ukutani juu kidogo ya majani, hewa igonge irudi. Kipimo chake ni macho: majani yatikisike kidogo, mashina yasiinamishwe. Jani lisilopepewa hujitengenezea blanketi ya unyevu juu yake, na kwa miche hio ndio ile hali ya shina kulainika pale chini na mche kulala kitako asubuhi moja bila onyo.

Vitu vya kuacha

Kumwagia maji sakafu ya kabati, au kutundika gunia lililolowa mbele ya tundu. Machakos ingefanya kazi, hewa yao ni kavu. Hapa hewa ya digrii 32 ikiwa na unyevu wa 70, hata ukipatia kila kitu utashusha digrii mbili tatu na utakuwa umeongeza unyevu mpaka mmea ushindwe kutoa jasho, na mmea usiotoa jasho haujipozi. Umeliweka tatizo kwa mlango mwingine.

Vipakiti vya kukausha unyevu na makaa ya kuchoma, sahau. Karibu maji yote unayomwagilia yanaishia hewani kupitia majani, kipakiti hakiwezi kushindana na lita nzima. Mashine ya kukausha hewa inafaa, lakini yenyewe yatoa joto, kwa hivo ikae chumbani sio ndani ya kabati.

Thamostati, yaani swichi ya joto, ya kuzima feni joto likishuka, kwa Kaskazi ni mapambo tu, haitazima hata siku moja. Pesa hio ipeleke kwa thamostati ya kuzima taa, nitaieleza hapa chini.

Kama unatumia maji badala ya udongo

Watu wanapima hewa wanasahau ndoo. Maji ya digrii 20 yanabeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya digrii 30 yanabeba saba na nusu, na mizizi yenyewe kwenye joto inataka nyingi zaidi, hapo ndio inageuka kahawia yenye utelezi na kunuka. Lenga maji yasipite 25. Ndoo iwe nyeupe au ifunikwe, ikae sakafuni nje ya kabati, na pampu ya hewa ivute hewa ya chumba sio ya kabati. Kwa siku za moto gandisha chupa za maji za nusu lita ndani ya friza uzizamishe zikiwa zimefungwa: chupa moja inashusha ndoo ya lita 20 kwa kama digrii mbili na nusu. Gawanya, moja asubuhi moja jioni, mizizi haipendi kushtuliwa.

Usalama, hapa sina mzaha

Kitu cha hatari ni feni kufa wakati taa inawaka. Stima ikipotea kila kitu kinazima, fungua mlango tu. Lakini feni ikikwama saa nane usiku na taa ikaendelea, kabati lenye mlango umefungwa litapanda kwa kasi. Kwa hivo taa ipitie swichi ya joto ya dijitali iliyowekwa kukata kwenye 37, kichwa chake cha kupimia kikae usawa wa majani. Upande huo ni wa volti 240, mpe fundi wa umeme anayejulikana.

Soketi na adapta zote zikae nje na juu ya usawa wa maji. Kila waya unaoingia ushuke kwanza chini ya tundu alafu upande, ili tone likiteremka nao lidondoke pale chini lisiingie kwa soketi. Ekstensheni ya zamani iliyolegea usiitumie kwa kitu kinachowaka masaa 14. Ukitaka feni ziendelee stima ikikatika, betri ya volti 12 ya ampia-saa 7 itazipeleka masaa manane bila shida.

Chumvi ya bahari

Likoni, Nyali, Mji wa Kale, popote upepo wa bahari unapofika, feni hazizeeki kama za bara. Vumbi na chumvi vinashikana kwenye mapanga, panga likichafuka hewa inapungua na kelele inaongezeka. Kila mwezi zima, pangusa na brashi ya rangi na kitambaa chenye unyevu kidogo, osha wavu. Viungo vya waya fundi avichome na risasi na kuvifunika, vile vya kukunja tu vinaota kutu ya kijani. Ukinunua chagua feni za beringi za gololi, zinavumilia joto na zinavumilia kulazwa, zile za bei rahisi zikilazwa darini zinaanza kulia mapema. Na weka moja ya akiba ndani ya droo.

Panda kulingana na upepo

Kaskazi sio msimu wa letasi. Letasi yapenda 16 hadi 22, ikipita 28 inarefuka, inakuwa chungu, na mbegu zake juu ya 30 nyingi hulala tu zisiote, unaweza kuziotesha kwenye friji kwa siku mbili tatu za kwanza. Dania nayo joto likizidi hukimbilia maua. Hizo ziweke Juni mpaka Septemba. Miezi ya moto panda mrehani, ambao kwa digrii 28 mpaka 30 ndio kwanza unachangamka na ukikosa wateja wa vikuba, vile vishada vya harufu wanavyojipamba wanawake, utauza wa chai, mchicha, nanaa, na miche ya pilipili ya kuhamishia nje mvua za masika zikianza. Pilipili na nyanya za kuzaa ndani ya kabati Februari sizishauri, usiku usiopoa unaangusha maua.

Dalili za kuangalia kila ukifungua mlango: majani yaliyojikunja juu kama mtaro, ncha zikiangalia taa, ni joto la taa, inua taa au shusha dima. Majani yaliyolegea taa ikiwaka na kusimama taa ikizima, wakati udongo una maji, ni mizizi yenye joto. Vidoadoa vyeupe vyembamba na utando mdogo chini ya jani ni utitiri, huyo hupenda joto kavu, kwa hivo humkuta sana chumba cha eisii. Unga mweupe juu ya jani ni hewa ya ndani imekwama, sogeza ile feni ndogo na upunguze majani ya katikati. Na ukifungua mlango asubuhi ukakuta matone ndani ya mlango, usiguse kitu kingine, nenda moja kwa moja kwa tundu la chini uangalie wavu, nywele za paka na vumbi vitakuwa vimeuziba.